Mgongo wa Beji

Beji ya chama, kama kitu chochote cha kujitambulisha mbele ya watu, imeumbwa kutazamwa upande mmoja tu: uso wake hupewa rangi, maandishi na mng'ao ili asome kila apitaye njiani, na mgongo wake huelekezwa kifuani mwa mwenyewe, gizani, ambako hapana asomaye ila kitambaa cha koti. Walakini kwa mtu aliyeazimia kujua kama beji iliyo mkononi mwake ni halisi au ya kughushi, imetoka katika karakana ya nani na katika mwaka gani, uso hauna msaada mkubwa, kwa sababu uso ndio ulioangaliwa kwanza na mwigaji, akauiga kwa bidii na subira; shahidi wa kutegemewa ni mgongo. Habari ninayotaka kuisimulia ni ya duara dogo la madini, lenye upana wa milimita 23, lililovaliwa na mamilioni ya Wajerumani katika zama za utawala wa Hitler, wakalitupa mtoni na kisimani kwa siku chache za mwaka 1945, kisha likatafutwa kwa fedha nyingi na kizazi kilichofuata, hata likapata waigaji wengi kuliko walivyokuwa watengenezaji wake wa halali.

Katika mwaka 1920 chama kilichoivaa beji hiyo kilikuwa bado kikundi cha watu wachache mjini Munich, na Adolf Hitler alipotaka kiwe na bendera na alama ya kuwatambulisha watu wake barabarani, alipata msaada wa mfua dhahabu wa mji ule ule. Yeye mwenyewe aliandika baadaye, katika kitabu chake Mein Kampf, kwamba sonara mmoja wa Munich aitwaye Füß ndiye aliyeleta mchoro wa kwanza uliofaa na uliodumu. Basi alama iliyokuja kutia hofu katika nyoyo za mataifa ilianzia katika kazi ya mikono ya mtu wa pete na vikuku: ukingo mwekundu wenye herufi za jina la chama, uwanja mweupe katikati, na juu ya uwanja huo msalaba mweusi uliopindwa ncha.

Ili mtu afahamu namna beji hizi zilivyoenea upesi, hana budi kujua kwamba Ujerumani ya siku zile ilikuwa nchi ya vyama. Walikuwako waimbaji, wapanda milima, wacheza mazoezi ya viungo, askari wastaafu na wafuga njiwa, na kila kundi lilikuwa na beji yake ya kuchomeka kwenye ukosi wa koti. Kazi hiyo ililisha miji mizima. Lüdenscheid, mji wa vilima vya Westfalia, uliishi kwa vifungo vya nguo, bizimu za mikanda na nishani, na humo zilikuwamo nyumba kongwe za ufundi kama F. W. Assmann & Söhne, Wilhelm Deumer na Steinhauer & Lück; Pforzheim ulikuwa mji wa masonara; Munich kulikuwa na Deschler & Sohn; na hata Markneukirchen, mji uliosifika kwa mafundi wa fidla, ulikuwa na karakana ya Karl Wurster iliyopiga chapa beji. Watu hawa walikuwa tayari wana mashinikizo, tanuri na wachongaji wa kalibu, na mteja mpya alipokuja na mchoro wake walimpokea kama walivyompokea mwalimu wa kwaya. Katika miaka hiyo ya mwanzo kila fundi aliandika alichopenda mgongoni: mmoja jina lake kamili na la mji wake, wa pili nembo tu, wa tatu maneno mafupi ya Kijerumani, Ges. Gesch., yaani kitu hiki kimelindwa kwa sheria. Migongo ya wakati ule inatofautiana kama nyuso za watu sokoni, na ndiyo sababu beji za kabla ya mwaka 1933 ni taabu kwa mchunguzi na fursa kwa mlaghai, kwa maana pasipo kanuni hapana uvunjaji wa kanuni wa kumnasa.

Kanuni ilikuja pamoja na mamlaka. Mwishoni mwa Januari 1933, Hitler alipotwaa serikali, chama kilikuwa na wanachama wapatao 850,000. Miezi mitatu baadaye walikuwa wamefika kiasi cha milioni mbili na nusu, na tarehe 1 Mei ya mwaka ule mlango ulifungwa, ukabaki umefungwa kwa wengi mpaka mwaka 1937. Tafakari maana ya mlango huo kufungwa. Mwalimu aliyeogopa kufukuzwa, karani aliyetamani cheo, mwenye duka aliyetaka kuachwa salama, wote waliona kwamba duara lile dogo la kifuani lilikuwa kinga na rizki kwa pamoja, na kwamba jirani aliyelivaa alisalimiwa kwa taadhima ambayo wiki iliyopita hakuwa nayo. Kitu kikitamaniwa hivyo hupata wauzaji wa kila namna, na chama kikaanza kuihofia alama yake chenyewe, isije ikavaliwa na wasiostahili na kuuzwa na wasiokilipa.

Tarehe 20 Desemba 1934 ikatolewa sheria yenye jina refu, dhidi ya mashambulio ya hila juu ya dola na chama na kwa ajili ya kuzihifadhi sare za chama. Sehemu moja ya sheria hiyo ilikataza mtu kutengeneza, kuweka akiba wala kuuza sare na alama za chama pasipo idhini ya mweka hazina wake, na ikamhukumu avaaye alama hizo bila kuwa mwanachama. Sehemu nyingine iliwaadhibu watu kwa maneno waliyoyasema juu ya wakubwa, na kwa sehemu hiyo wengi walitiwa gerezani kwa neno la utani lililotamkwa penye meza ya bia. Sipendi msomaji apite upesi hapa. Karatasi ile ile moja ilikuwa mlinzi wa beji na mlinzi wa vinywa, na mantiki yake ilikuwa moja: yaliyo kifuani na yaliyo ulimini mwa raia yote yatoke kwa idhini.

Kazi ya kutoa idhini ilikuwa mikononi mwa idara ya chama iliyoitwa Reichszeugmeisterei, yenye makao Munich, ambayo herufi zake tatu, RZM, zikizungushiwa duara, ndizo zinazotafutwa leo kwa kioo cha kukuzia. Kila mtengenezaji aliyekubaliwa alipewa nambari yenye kitangulizi cha aina ya kazi: M4 bizimu za mikanda, M7 majambia, na M1 beji. Kwa hiyo M1/52 ni Deschler & Sohn wa Munich, M1/17 ni Assmann wa Lüdenscheid, M1/34 ni Wurster wa Markneukirchen, M1/105 ni Hermann Aurich wa Dresden; na orodha inaendelea kwa mafundi wengi ambao majina yao hayangekumbukwa na mtu yeyote kama si tarakimu hizo. Mabadiliko hayakuja kwa siku moja, maana ziko beji zenye RZM na nambari tupu pasipo M1, na nyingine zimechanganya alama ya kale na ya jadidi, na hizi za mpito zina thamani kubwa kwa mwanahistoria kwa kuwa zinamwonyesha fundi akiwa katikati ya kutii. Mwaka 1941 waliundiwa umoja wao watengenezaji wa nishani za vita, nao wakapewa nambari zinazoanza kwa herufi L, na zaidi ya hizo kulikuwa na nambari za wale walioiuzia ofisi ya rais. Nambari hizo ni za nishani, si za beji za uanachama, na atakayeona L mahali pa M1 juu ya beji ya chama ana haki ya kushuku.

Sasa na tuingie karakanani, kwa sababu asiyejua kitu kilivyotengenezwa hawezi kujua kilivyoghushiwa. Kwanza mchongaji aliichonga sura ya beji kinyume chake katika kipande cha chuma kigumu, kazi ya siku nyingi chini ya kioo, akakipika na kukipoza ili kisichakae. Hiyo ndiyo kalibu. Bamba la shaba iliyotiwa zinki kidogo, aina ya madini waliyoiita tombaki, liliwekwa chini ya kalibu na shinikizo likashuka kwa uzito wa tani nyingi, na shaba, ingawa ni baridi, ikatiririka kuingia katika kila mfereji wa chuma kama unga uliokandwa unavyoingia katika kibao cha nakshi. Ndipo zilipobaki kuta nyembamba za madini zilizotenga kila herufi na kila pembe. Katika vyumba baina ya kuta hizo alikaa fundi mwingine, mara nyingi mwanamke, akitia kwa kalamu ya chuma unga wa kioo uliochanganywa na maji, mwekundu hapa, mweupe pale, mweusi pale. Kisha beji ikaingizwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 800 hivi, kioo kikayeyuka na kushikamana na shaba. Hiyo ndiyo enameli. Ilipopoa ilisuguliwa kwa jiwe mpaka kioo na kuta za madini vikawa usawa mmoja, ikarudishwa motoni kupata mng'ao, na mwisho mgongoni pakatiwa kwa lehemu pini na kishikio chake, au kitako cha kupita katika tundu la kifungo.

Kila hatua ya kazi hii huacha alama ambayo mwigaji hawezi kuileta bila kuifanya kazi yenyewe. Ukingo wa beji iliyopigwa kwa shinikizo ni mkali na safi, na chini ya kioo cha kukuzia utaona madini yamelala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Lakini beji iliyomiminwa katika kalibu ya kumiminia iliyotolewa juu ya beji nyingine ina vitundu vidogo vidogo vya hewa, herufi zake zimevimba kingo, na kwa kuwa madini hunywea yanapopoa, hutoka ndogo kuliko mama yake kwa kadiri ambayo kipimo kizuri huinasa. Enameli ya kweli ni kioo: ni baridi ikigusa ulimi, hulia kwa sauti kavu ikigongwa na jino, na ikipasuka hupasuka kwa ncha kali zenye mistari ya duara. Rangi ya utomvu inayotiwa siku hizi ni laini, ina uvuguvugu, na huzama kidogo katikati ya chumba chake kwa sababu haikusuguliwa ikawa sawa na kuta. Mtu aliyezishika beji halisi mia hahitaji tena kuambiwa. Walakini yeye ndiye anayepaswa kujihadhari zaidi, maana mazoea huzaa kiburi, na mwigaji humtegea mjuzi mtego tofauti na ule anaomtegea mgeni.

Mimi huvutwa zaidi na ushahidi wa kalibu kuliko wa kitu kingine chochote. Chuma, hata kiwe kigumu namna gani, huchoka. Baada ya mapigo maelfu ufa mwembamba kama unywele huanza katika pembe fulani, na kila beji inayopigwa baada ya hapo huuchukua ufa huo kama kijistari cha madini kilichoinuka, kirefu zaidi mwezi huu kuliko uliopita. Mchunguzi akizipanga beji za kalibu moja kwa urefu wa ufa wao huzipata zimejipanga zenyewe kwa umri, kama ndugu wa tumbo moja waliosimama kutoka mdogo hadi mkubwa. Ikiwa beji mbili zina ufa mmoja, basi ni za kalibu moja. Na ikiwa moja imeandikwa nambari ya fundi wa Munich na ya pili nambari ya fundi wa Saksonia, swali limezaliwa, na mara nyingi jibu lake ni kwamba mmojawapo hakuwa Munich wala Saksonia, bali katika banda fulani miaka ishirini au arubaini baada ya vita. Orodha ya nambari kila mtu anaweza kuinunua na kuichagua nambari aipendayo, ila ufa haununuliwi.

Madini nayo yana tarehe. Ujerumani haikuwa na shaba, bati wala nikeli ya kutosha kwa vita ilivyojitakia, na katika majira ya kuchipua ya mwaka 1940 raia walitakiwa watoe vyombo vyao vya shaba na bati kama zawadi ya siku ya kuzaliwa kwa Hitler, tarehe 20 Aprili. Kisha zikashushwa kengele za makanisa. Katika nchi iliyozipeleka kengele zake tanurini haikuwezekana beji ziendelee kuwa za tombaki, nazo zikaanza kutoka za chuma, za alumini na za zinki, na pahala pa enameli pakapakwa rangi ya kawaida isiyohitaji moto. Zinki ya miaka ile haikuwa safi, huvimba malengelenge na kugeuka kijivu kama jivu la mkaa. Beji hizi mbaya ndizo aghalabu za kweli, na mnunuzi asiyejua huzikataa kwa ubaya wake, akaenda kuchukua nyingine inayong'aa, yenye tombaki nzuri na enameli nzito, iliyoandikwa nambari ya fundi ambaye hakuwahi kuidhinishwa kutengeneza beji za chama.

Ilikuwako beji nyingine juu ya hii, na habari yake haina budi kuelezwa kwa utulivu kwa kuwa ndiyo inayoghushiwa mno. Tarehe 13 Oktoba 1933 Hitler aliamuru wale waliokuwa na nambari za uanachama zisizozidi 100,000, na ambao hawakukatiza uanachama wao tangu chama kilipoanzishwa upya mwaka 1925, wapewe beji ya heshima yenye ukingo wa majani ya mwaloni uliopakwa dhahabu. Ilitengenezwa Munich, na Deschler na Josef Fuess, kwa vipimo viwili, kubwa ya sare na ndogo ya koti la kiraia. Nayo mgongoni ilichongwa nambari ya mwenyewe. Waliostahili hawakufika hata robo ya hao 100,000, kwa sababu wengine walikwisha kufa, kutoka au kufukuzwa. Nambari 1 ilikuwa ya Hitler, naye katika siku zake za mwisho chini ya ardhi ya Berlin, mwishoni mwa Aprili 1945, aliivua akampa Magda Goebbels, mwanamke ambaye baada ya siku chache aliwapa sumu watoto wake sita. Ziko pia zilizotolewa kwa hiari yake kwa watu aliotaka kuwakirimu, nazo badala ya nambari zina herufi A.H. na tarehe.

Hapa niruhusiwe kusahihisha picha iliyokaa katika fikra za wengi. Katika filamu ya mwaka 1993 inayomhusu Oskar Schindler, mwenye kiwanda aliyewaokoa Wayahudi, mtu huyo mwishoni anaivua beji yake, akaomboleza kwamba ni ya dhahabu na ingaliweza kukomboa roho za watu wawili. Simulizi hilo lina ukweli wake wa moyo, wala sina haja ya kulitukana. Lakini Schindler aliingia chamani mwaka 1939, nambari zikiwa zimekwisha kupita mamilioni, na beji ya mwanachama wa namna yake ilikuwa shaba na kioo. Watu kadiri ya 1,200 aliowaokoa aliwakomboa kwa rushwa, kwa ujasiri na kwa orodha za majina.

Na kwa habari ya orodha, nambari iliyochongwa mgongoni ni madai tu mpaka daftari ithibitishe, na daftari hiyo ilikaribia sana kupotea. Chama kilikuwa na kadi ya kila mwanachama katika makao yake Munich, na mwezi wa Aprili 1945, majeshi ya Marekani yakiwa karibu, zilipelekwa kwa malori kwenye kinu cha karatasi cha Freimann, kando ya mji, ziloweshwe na kusagwa. Mkuu wa kinu hakuzisaga. Alizifunika kwa marundo ya taka nyingine za karatasi, akakawia na kukawia mpaka wenye amri walipokuwa hawapo tena wa kumuuliza, kisha akawaarifu Wamarekani, ambao kwa miezi kadhaa hawakufahamu ni nini walichoambiwa. Kadi hizo, zaidi ya milioni 10, ziliwekwa Berlin chini ya ulinzi wa Marekani, na tarehe 1 Julai 1994 zikakabidhiwa kwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa la Ujerumani, ambako zipo hadi leo. Mtu mmoja, kwa kutokufanya kazi aliyoamriwa, aliwaachia walimwengu neno la pili la kulinganisha na neno la beji. Na mimi kila nisomapo habari za wale waliosema mwaka 1946 kwamba hawakuwa chamani kamwe, kisha kadi zao zikatokea, humkumbuka yeye kuliko majaji.

Maana hilo ndilo lililotendeka: wanachama waliokuwa milioni nane na nusu mwisho wa vita walitoweka kwa majuma machache. Beji zilitupwa vyooni, zikafukiwa bustanini, zikazamishwa mitoni, na wakulima na wachimba misingi wanaziokota mpaka sasa, enameli imepasuka na chuma kimeliwa na kutu. Zilizosalia zilikwenda mifukoni mwa askari wa Marekani na Uingereza kama ukumbusho, na zilipofika kwao zikapata bei. Bei ikawaita mafundi. Baadhi yao walikuwa na kalibu za zamani zile zile na mikono ile ile, wakapiga beji baada ya vita kama walivyopiga kabla yake, na hizo ndizo zenye mashaka makubwa, kwa kuwa kalibu ni ya kweli, nambari ni ya kweli, na kilicho cha uongo ni mwaka peke yake. Mwaka 1957 Ujerumani ya Magharibi iliruhusu nishani za vita zivaliwe tena, mradi zitengenezwe upya bila msalaba uliopindwa; beji ya chama haikupata ruhusa hiyo, na hadi leo sheria ya nchi ile inakataza kuionyesha hadharani ila kwa elimu, sanaa na utafiti, hata katika vitabu vya minada alama yake hufunikwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza jambo hili linamhusu nini. Chama kile kilikuwa na matawi miongoni mwa walowezi wa Kijerumani wa Tanganyika, waliokamatwa na serikali ya Kiingereza mwezi wa Septemba 1939. Lakini si hao ninaowafikiria. Namfikiria mzaliwa wa Dar es Salaam, Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kisudani, ambaye akiwa bado mtoto alifuatana na baba yake katika jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alihamia Berlin, akaidai serikali mishahara ya baba yake na ya kwake ambayo haikulipwa, akakataliwa. Alikuwa mtumishi wa mezani, akaigiza katika filamu, na katika chuo kikuu akawafundisha Wajerumani Kiswahili, lugha hii hii tunayoandikia.

Mwezi wa Julai 1934 rais Hindenburg alitangaza Msalaba wa Heshima kwa waliopigana katika vita ile. Ulikuwa msalaba wa chuma kilichopakwa rangi ya shaba, wenye panga mbili kwa waliofika mstari wa mbele, na nyuma yake, kama nyuma ya kila kitu nilichokieleza, palikuwa na alama ya mtengenezaji. Zaidi ya watu milioni 6 walipewa ule wenye panga. Husen aliuomba. Akajibiwa kwamba nishani hiyo haitolewi kwa watu weusi. Ndipo akajipatia mmoja kwa wauza nishani, akauvaa.

Sasa wakusanye wajuzi wote waliotajwa na wasiotajwa, wauweke msalaba ule chini ya kioo, waupime, wausome mgongo wake. Kalibu ni ya halali, chuma ni cha mwaka wake, alama ni ya fundi aliyeidhinishwa; hawana la kusema ila kwamba ni halisi. Daftari la waliotunukiwa likifunguliwa, jina lake halimo, na kwa sheria mvaaji ni mwongo. Lakini vita alivipigana, na alijeruhiwa na kutekwa mwaka 1917 katika mapigano ya Mahiwa, kusini mwa nchi yetu. Katika habari hii yote ya beji na nishani sijaona mwingine ambaye madini yake na utumishi wake vilikuwa vya kweli namna hiyo, na kilichoghushiwa kilikuwa daftari.

Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na mapenzi na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kuhukumiwa na mahakama, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mtaani Brunnenstraße, mjini Berlin, lipo ardhini tangu mwaka 2007 jiwe la mraba lenye kibamba cha shaba ya njano usoni, upana wake sentimita 10, mojawapo ya mawe ambayo msanii Gunter Demnig huyapachika mbele ya nyumba za waliouawa. Herufi za kibamba hicho hazikupigwa kwa shinikizo wala hazina kalibu. Fundi alizigonga kwa nyundo, moja baada ya moja, mpaka jina likatimia.